Siku Niliyogeuzwa Modemu

Mke wangu mtaani wanamwita Chapachapa, kwa sababu vidole vyake vikiwa kwenye kibodi huvioni. Miaka kumi na moja yuko kwenye kibanda cha kuchapa karibu na stendi, anawaandikia watu barua za kuomba kazi. Wengine wamepata, wamenawiri, na wakipita hapo hata salamu hawatoi. Ningekuwa mimi, ningeshagombana na nusu ya mji. Yeye anacheka tu, anaingiza karatasi nyingine kwenye printa.

Mwaka huu akajiandikia ya kwake: karani wa kutunza mafaili, hospitali kubwa. Wakamjibu! Mahojiano Jumanne, saa nne asubuhi, kwa video.

Kompyuta tunayo, ya mtumba. Intaneti tunaichukua kwenye simu yangu, na simu yenyewe ina maringo: nyumba nzima inakamata mtandao sehemu moja tu, juu ya dirisha la sebuleni. Basi Jumanne hiyo mimi, fundi rangi mwenye ukuta wa mteja unaonisubiri, nikapandishwa kwenye stuli, mkono juu, simu mkononi.

"Usishuke, usijikune," akaniambia. "Na ikiita usipokee. Ukipokea tu, intaneti inakatika."

"Kwani mimi mtoto?"

Wakatokea wakubwa watatu kwenye skrini, mwenyekiti wao mama mmoja wa miwani. Mke wangu akawajibu vizuri mpaka nikavimba kichwa huko juu. Mwenyekiti akaanza swali la mwisho, na simu ikaita. Mama mkwe.

Jamani, msinihukumu haraka. Miaka tisa ya ndoa, simu ya mama mkwe haijawahi kuita mara mbili mkononi mwangu. Kidole kilienda chenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ameshaanza?"

"Ameanza, mama, ila..."

"Vizuri. Inamisha kichwa tuombe."

Nikainamisha. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akaiombea kompyuta. Akaiombea meza iliyoibeba. Akayaombea macho ya wakubwa yamtazame mwanawe kwa huruma. Kwenye skrini wakubwa wenyewe walikuwa wameganda, mmoja kaacha mdomo wazi. Mke wangu ananikata jicho, jasho linanitoka. Halafu mama, kwa sauti ya kutetemeka, akaomba mtandao usikatike.

Mke wangu akapanda kwenye kiti chake, akanipokonya simu. "Amina, mama!" akapiga kelele, akakata. Akanirudishia simu na kuusukuma mkono wangu juu.

Intaneti ikarudi palepale. Wakubwa wakatukuta wote wawili juu ya viti, tunahema.

"Tulikuwa tunakuuliza," mwenyekiti akasema taratibu, "mtu unayemheshimu sana akikukatiza kazi, utafanyaje?"

Mke wangu akashuka, akanyoosha blauzi, akaketi. "Nimemkatia simu mama yangu mzazi sasa hivi, dua ikiwa katikati. Jioni nitakwenda kumwomba radhi. Lakini kwanza tumalize hapa."

Mwenyekiti akavua miwani, akainama, mabega yakamtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

Ijumaa wakapiga: kazi kapata. Mke wangu akakaa sakafuni, akalia, anauliza "Mimi? Mimi kweli?" mpaka na mimi machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Nikampigia mama mkwe, maana tangu Jumanne alikuwa amenuna, radhi hataki kuisikia.

"Kapata, mama! Dua yako imejibiwa!"



"Dua ipi, baba? Mlinikatia nikiwa bado nauombea mtandao. Kwenye kazi yenyewe nilikuwa sijafika." Akavuta pumzi. "Basi hiyo kaipata mwenyewe."