Josho la Bibi

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku niliyorudi Matongo baada ya miaka mingi, maji yalimwagika chini nami nikaruka kuyakinga. Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha chipsi. Kijana mwenye kibanda alinifungulia koki ya ndoo ninawe, na maji yakapita mikononi mwangu yakaenda moja kwa moja kwenye vumbi. Nikanyoosha mkono kutafuta beseni ambalo halikuwapo. Dereva wa bodaboda aliyenileta akacheka.

"Mama, hayo ni maji tu! Umedondosha pete?"

Nikamwambia sina pete. Nikakaa kwenye benchi, yeye akakaa pembeni akisubiri chipsi zake, nikaanza kumsimulia. Na wewe msomaji wangu sogea, benchi linatosha.

Nilizaliwa Kenyamonta, katika boma ambamo nilimjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa tabia. Nilipofikisha umri wa kuteka maji bila kumwaga nusu njiani, nilipelekwa Matongo kukaa na bibi mzaa mama, aliyekuwa akiuza uji kwenye kambi ya wachimbaji. Dhahabu ilikuwa imeshaita watu. Walikuja kutoka Tarime, Mugumu, ng'ambo ya Sirari, hata kutoka mikoa ambayo sikuwahi kuisikia. Vibanda vya turubai na nyasi vilibanana mpaka mtu akikohoa kwake, jirani anampa pole. Kwa mtu mzima ile ilikuwa kambi. Kwangu mimi lilikuwa jiji, na mpaka leo, ingawa nimeyaona majiji yenyewe, sijaona lililonishangaza kama lile.

Wageni waliokuja kununua dhahabu waliona mashimo na matope, wakaondoka. Vitu vizuri vilikuwa nyuma ya vibanda. Alikuwapo fundi cherehani, mzee wa Kiislamu aliyetoka pwani, ambaye aliuza kahawa bila kusimamisha kazi. Miguu yake ilikanyaga cherehani, mkono mmoja ukiongoza kitambaa, mwingine ukimimina kahawa kwenye kikombe kidogo kama cha kuchezea watoto. Vijana wa Kikurya waliokulia kwenye maziwa walipoionja mara ya kwanza walikunja uso na kuuliza hii ni dawa ya nini. Mzee aliwajibu, "Ya uvivu," kisha akawapa kipande cha kashata wasikimbie.

Mbele kidogo alikaa mama mmoja Mjaluo aliyekaanga dagaa wa ziwani juu ya chepe. Mpini wa chepe ulivunjika shimoni, wenyewe wakalitupa, yeye akaliokota, akalisugua kwa mchanga hadi likang'aa. Harufu ya dagaa wale ilivuka kambi nzima. Watu walisema ladha inatokana na chepe lenyewe, na walipomletea kaango jipya kutoka Tarime alilitumia kufunika ndoo.

Na zilikuwapo soda za shimoni. Mtu mmoja alikuwa na duara, yaani shimo la kuchimbia, ambalo halikumpa hata chembe. Badala ya kulia, aliteremsha kreti za soda na vibuyu vya maziwa mgando kwa kamba hadi chini kwenye ubaridi. Ukiagiza, anavuta kamba polepole huku umati ukitazama, na chupa inatoka imelowa jasho. Hatukuwa na umeme wala jokofu, lakini tulikunywa soda baridi kuliko za mjini. Ukishamaliza, unapanda juu ya lundo la kifusi nyuma yake, na asubuhi isiyo na ukungu unaona vilima vikishuka kimoja baada ya kingine kuelekea mbugani. Sehemu ile haikuwa na jina. Mimi niliiita darini.

Lakini kituo kilichotajwa zaidi kilikuwa chetu, kwa sababu ya mzaha.

Bibi aliuza uji wa ulezi uliochachuka kidogo, mzito, katika vibuyu vilivyokatwa nusu, pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa mgando. Vibuyu vya maziwa alivisugua ndani kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa yalikuwa na harufu ya moshi ambayo siku hizi naitafuta dukani siipati. Hakuna aliyegusa uji kabla ya kunawa. Si mikono tu. Mteja alinawa mikono hadi viwiko, uso, na miguu hadi magotini. Mimi ndiye niliyeshika birika na kusogeza beseni. Mchimbaji akijaribu kukaa bila kunawa, bibi alimnyang'anya kibuyu na kusema maneno yake ya kila siku: "Mwili kwanza, tumbo baadaye!"

Jirani yetu alikuwa na mgahawa wenye paa la bati, meza mbili na redio. Alisimama mlangoni akawaita wapita njia: "Njooni kwangu mle kama watu! Kwa bibi mnaogeshwa kama ndama joshoni!" Kambi nzima ikalidaka. Pale pakaitwa Josho. "Umekula wapi?" "Josho." Bibi hakukasirika. Alitabasamu na kuongeza maji kwenye birika.

Sababu ya tabasamu lile tuliijua wawili tu, au ndivyo tulivyoamini. Mchimbaji anayetoka shimoni hubeba vumbi la mwamba kwenye nywele, kwenye vinyweleo vya mikono, kati ya vidole vya miguu. Ndani ya vumbi lile mna dhahabu, kidogo mno hata haionekani. Bibi hakumwaga maji ya kunawa. Aliyakusanya katika nusu pipa nyuma ya jiko, pipa lililokaa juu ya mawe matatu, akaacha tope litulie. Maji ya juu aliyachota akamwagilia mboga zake za mgagani. Tope likabaki, likaongezeka kiangazi chote. "Ukimwambia mtu," alinionya, "unarudi Kenyamonta kuchunga mbuzi." Niliwapenda mbuzi, lakini si kuliko soda za shimoni.

Tope lile lilikuwa paa letu. Jiko la bibi lilifunikwa kwa nyasi na turubai lililotoboka. Masika yaliyotangulia, mvua ilizima moto, uji ukaingia maji, na wateja wote wakakimbilia kwenye bati la jirani. Bibi alisema mwaka ule akikosa bati tena atafunga jiko arudi shambani, nami nirudi kwetu. Alihitaji bati sita. Alikuwa amepanga kuosha tope wiki ile ile mawingu yalipoanza kukaa juu ya vilima.

Ndipo akaja bwana afya.

Alikuwa kijana mgeni, shati jeupe, suruali ya kijivu iliyonyooshwa mpaka ikasimama yenyewe. Alikagua sehemu zote za chakula, na aliyeshindwa alifungiwa. Kwa fundi cherehani alikunywa kahawa akakohoa. Kwa mama wa dagaa alilitazama chepe kwa muda mrefu, akala dagaa, akaondoka bila kumfungia. Kwetu alifika wakati benchi limejaa wachimbaji. Aliponiona nikimnawisha mtu magoti, alisimama kama aliyeona harusi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Mwili kwanza."

Akanawa kwa furaha, viatu vikiwa pembeni. "Nimezunguka wilaya nzima," akawaambia wateja, "sijaona mahali kama hapa. Hii ndiyo sehemu ya mfano! Wengine waje wajifunze!" Jirani, aliyekuwa akisikiliza mlangoni kwake, akarudi ndani akazima redio.

Bibi alifurahi. Nami nilifurahi. Kisha bwana afya akauliza maji machafu yanakwenda wapi, na kabla bibi hajajibu, akazunguka nyuma ya jiko.

"Bibi! Unafuga mbu! Kazi nzuri yote ile, halafu unafuga malaria hapa?" Akakunja mikono ya shati. "Ngoja nikusaidie."

Akasukuma pipa kwa mguu. Likayumba juu ya mawe, likalala ubavu, na kiangazi chetu chote kikateleza chini kuelekea kwenye mgagani. Wakati huohuo tone la kwanza la mvua liliniangukia puani.

Bibi alipiga kelele moja tu, kisha akaziba mdomo kwa kanga. Nilimtazama nikaelewa. Benchini walikaa watu kumi na kitu, wote wachimbaji, na dhahabu iliyokuwa ikitambaa kwenye majani ilitoka miilini mwao. Akisema, watajua kwamba muda wote alikuwa akiwavuna. Akinyamaza, mvua inapeleka bati zake kijitoni. Macho yake yakaenda kwenye tope na kurudi kwa wateja. Matone yakaongezeka.

"Mnasubiri nini?" sauti ikatoka benchini. Alikuwa mkuu wa duara kubwa, mtu mnene aliyekuja kwetu kila siku akiwa mchafu kuliko wote. Aliweka kibuyu chini, akapita mbele ya bibi, akapiga magoti kwenye tope. "Mura, leta karai! Na wewe, kata mfereji hapo juu maji ya mvua yasiingie! Bati za bibi zinaondoka!"

Bibi akaondoa kanga mdomoni. "Bati gani?"

"Bibi, jamani." Hakuinua hata kichwa, mikono ikikusanya tope. "Nimeosha mchanga kabla sijaota ndevu. Nikiona beseni halimwagwi, sijui ni nini? Kijito kipo pale chini, tunakivuka kila asubuhi. Tungetaka kunawa bure tungenawa kule. Mimi nimekuja hapa na miguu ya nguruwe tangu masika yaishe, unafikiri napenda?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mwingine akasema yeye alikuwa akijipaka kifusi kichwani kabla ya kuja, na mke wake ameanza kulalamikia mashuka. Mwingine akamjibu kwamba kichwa chake ni kigumu, dhahabu haishiki pale. Bibi alicheka hadi akashika nguzo, na sikuweza kujua machozi yapi ni ya kicheko.

"Basi mnafiki gani huyo anayekaa?" akafoka. "Inameni wote! Uji leo ni wa bure!"

Bwana afya alikuwa amesimama peke yake, soksi mkononi. "Kwa hiyo," akauliza polepole, "hayakuwa maji machafu?"

"Ni machafu, mtaalamu," mkuu wa duara akamjibu. "Lakini yana bati sita ndani."

Kijana yule akatazama suruali yake, akatazama mvua, akapiga magoti kati yao. Alichota kwa viganja vyote viwili, na alichota vizuri.

Mvua ilipokolea, jirani mwenye mgahawa alitoka mbio na turubai lake kubwa, la kufunikia magunia, akalitanda juu ya vichwa vyetu huku akinung'unika: "Bibi akifunga, mimi nitamtania nani? Shika huko!" Wakakwangua udongo mpaka kwenye mizizi ya mgagani. Miaka mingi baadaye nilijisomea mwenyewe kwamba dhahabu ni nzito kuliko maji karibu mara kumi na tisa, nikaelewa kwa nini haikwenda mbali. Maji yaliteleza yakaondoka, na yenyewe ilikaa karibu na mdomo wa pipa, kama imekataa kuhama.

Siku ya pili waliuosha ule udongo mwaloni, mahali pa kusafishia mchanga. Dhahabu iliyotoka haikufikia ukubwa wa punje ya hindi. Ilinunua bati sita, mbao na misumari, na wao wenyewe wakapanda kupigilia. Masika yale nililala kibandani nikisikia mvua ikigonga bati la jiko, na sijasikia tena muziki wa kunilaza usingizi mzuri kama ule. Wateja waliendelea kunawa mpaka magotini. Sasa hawakujificha: mtu akifika alitangaza, "Bibi, leo nimekuletea msumari!"

Leo maduara yale yamefukiwa. Lile la soda sijui hata lilikuwa upande gani. Lundo la kifusi limesawazishwa, kwa hiyo darini kwangu hapapandwi tena. Fundi alirudi kwao pwani na cherehani yake. Chepe la dagaa sijui liko kwa nani, ila natumaini halijarudishwa kuchimba. Bibi alizeeka chini ya bati zile zile, akazihamishia shambani alipochoka kupika, na zilimfunika mpaka mwisho wake. Siku hizi Matongo watu wananawa haraka, kwa koki, na hakuna anayejua vumbi la mwenzake lina thamani gani.

Dereva wa bodaboda alikuwa amesahau chipsi zake, zimepoa. Alifikiri kidogo kama mtu anayekagua hesabu.

"Kwa hiyo mama, siku ile pipa lilipomwagwa, mwishowe mlipoteza shilingi ngapi?"

Nikamjibu bila kusita, maana bibi aliitaja hasara ile kila alipomsimulia mtu, na aliilipa yeye mwenyewe: nusu mche wa sabuni, wa kufulia suruali ya bwana afya. Shilingi ishirini.