Khatibu wa Gerezani, Mkalimani wa Boma

Muhiddin bin Saif alikuwa na kazi mbili, na kwa miaka kumi na mmoja hazikuwahi kugombana. Siku za kazi alikuwa mkalimani wa Boma, akikaa pembeni ya meza ya Bwana Shauri, Mwingereza aliyesimamia wilaya, na kugeuza Kiingereza kikawa Kiswahili, Kiswahili kikawa Kiingereza. Ijumaa adhuhuri aliomba ruhusa, akapanda mimbari ya msikiti mdogo wa Gerezani, akahutubu. Dini alisomeshwa na baba yake, aliyekuwa na duka la tende Msimbazi. Kiingereza alikipata vitani, alikokwenda kuwa karani wa wapagazi, akarudi nacho pamoja na homa ya vipindi.

Mwaka 1933 Bwana Afya aligundua mbu visimani. Amri ikatoka kwamba visima vyote vifukiwe, watu wachote maji ya bomba. Kisima cha msikiti kilikuwa cha kumi na nne kwenye orodha, na bomba la karibu lilikuwa ng'ambo ya reli. Muhiddin aliitafsiri amri ile, akaigonga muhuri, na Ijumaa akaisoma msikitini baada ya swala.

Mzee Mrisho, muadhini, akamwuliza, "Sheikh, hayo unayasema wewe au serikali?"

"Serikali."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nitaandika."

Akaandika nyumbani, kwa Kiswahili, ombi la waumini kwamba kisima kiachwe. Mkewe, Sitara, alikuwa akichambua mchele.

"Baba Azza, barua hiyo nani ataipokea huko Boma?"

"Mkalimani."

"Na nani ataitafsiri?"

"Huyo huyo. Hawana mwingine."

Sitara akaendelea na mchele wake.

Jumatatu aliipokea barua, akaitafsiri, akasimama kuisoma mbele ya Bwana Shauri. Alipofika penye maneno "serikali imesikiliza mbu kabla ya kusikiliza watu," sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Nani kaandika haya?" Bwana Shauri akauliza.

"Khatibu wa Gerezani, bwana."

"Aitwe."

"Yupo hapa, bwana."

Bwana Shauri akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akamtazama Muhiddin, akamtazama tena.

"Na wewe mkalimani, unaonaje?"

"Mkalimani hana maoni, bwana. Khatibu anayo. Yapo ukurasa wa pili."

Baada ya wiki tatu zikaja barua mbili. Ya kwanza ilisema kisima kibaki, ila kifunikwe kwa saruji na kutiwa pampu ya mkono. Ya pili ilisema mkalimani ahamishiwe Kibondo kwa manufaa ya kazi. Muhiddin alizitafsiri zote mbili. Ya pili ilimhusu yeye peke yake, lakini utaratibu ni utaratibu.

Jioni ile hakula. Sitara alimwona akikunja kanzu moja mara tatu, akamnyang'anya, akaikunja yeye.

Kibondo alikaa miaka minne, na huko hakukuwa na mimbari ya kumngoja. Aliporudi, msikiti ulikuwa na khatibu mwingine, Hashil, kijana mwenye sauti kubwa. Muhiddin alikaa safu ya tatu, karibu na nguzo. Hashil alipokosea irabu, Muhiddin alitazama vidole vya miguu yake. Siku moja Mrisho alimwuliza kama anataka nafasi yake irudi.

"Anasikika mpaka mtaa wa pili," Muhiddin akajibu. "Mimi nilikuwa nasikika mpaka mlangoni."

Mrisho hakuuliza tena. Muhiddin aliswali nyuma ya Hashil, na ilimchukua Ramadhani nzima kuacha kuinuka Ijumaa kila adhana ya pili ilipokaribia.

Boma hawakumrudisha kazini. Alikuwa na benchi nje ya soko la Kariakoo, akiwaandikia watu barua za kwenda serikalini. Gaudens, mkalimani mpya, alipita asubuhi kumwuliza maneno magumu, akimwamkia shikamoo kwanza, na wala hakuficha kwamba katika nusu ya barua alizozipokea aliujua mwandiko wa Muhiddin.

Muhiddin alifariki mwaka 1938, kwa homa. Wiki ile walikuja watu wanne na karatasi zao. Sitara aliwaambia warudi baada ya arobaini, kisha akafikiri kidogo, akawaambia waende kwa Gaudens.