Jicho la Kushoto la Baba

Harufu ya mbao za saiprasi zilizotoka kupasuliwa ilikuwa kali kiasi cha kukaa kooni. Huko Elburgon nilikokulia iliingia kwenye nguo, kwenye unga wa ugali, hata kwenye nywele zetu siku ya kwenda kanisani, na mgeni akitutembelea alipiga chafya kutwa nzima huku sisi tukimshangaa. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kiwanda cha mbao alikofanya kazi baba. Msumeno ulianza kulia kabla ukungu wa msitu wa Mau haujainuka. Wazazi wangu walikuwa wametoka magharibi, upande wa Bungoma, wakifuata kazi, na mimi kifungua mimba wao nikaitwa Nafula kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mvua. Ninachotaka kusimulia kilitokea msimu mmoja wa mvua nyingi nikiwa darasa la sita. Nimewahi kujaribu kukisimulia kwa machozi, kama watu wanavyotarajia, lakini machozi hayaji. Kwa hiyo nitakisimulia hivyo hivyo, kikavu.

Kazi ya baba ilikuwa kukagua mbao. Ubao ukitoka kwenye msumeno aliuinua upande mmoja, akaushika usawa wa shavu, akafumba jicho la kushoto na kuuchungulia kwa la kulia mpaka mwisho wake. Akisema umenyooka, umenyooka. Akisema umepinda, msimamizi hakubishana naye. Wakaguzi wote walifumba la kushoto, ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia, na kijana mgeni akifumba la kulia alichekwa mpaka ajirekebishe. Baba alifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa, na jicho lake la kulia lilikuwa na sifa mtaa mzima. La kushoto hakuna aliyewahi kuuliza habari zake, hata yeye mwenyewe.

Mwaka ule akaanza kugonga vitu. Alijigonga bega kwenye mwimo wa mlango, akamwaga chai iliyowekwa kushoto kwake, na tukienda kanisani alinikanyaga mara kwa mara hadi nikajifunza kutembea upande wake wa kulia. Mama akaanza kumnusa. Baba alikuwa mzee wa kanisa na pombe hakuijua, lakini kila jioni mama alimsogelea akijifanya anamtengenezea kola, akavuta pumzi. Hakunusa chochote ila saiprasi. "Baba Nafula, siku hizi unatembea ni kama barabara ni yako peke yako," alimtania, na baba akacheka, nasi tukacheka. Hakuna aliyefikiria macho. Mtu anayeona ubao uliopinda kwa upana wa ukucha, utamwambiaje habari za macho?

Jumapili moja wataalamu wa macho walikuja kanisani kwetu kupima watu bure. Baada ya ibada walipanga meza mbili. Kwenye meza ya kwanza mtu alisimama mbali na karatasi ya herufi iliyobandikwa ukutani, akasoma kuanzia zile kubwa za juu hadi zile ndogo za chini. Kwenye meza ya pili kulikuwa na daktari aliyepima presha ya macho na kumulika ndani ya jicho kwa taa ndogo. Watu walikuwa wengi na mvua ilikuwa inakuja. Zamu ya baba ilipofika, kijana aliyesimamia herufi akamwambia afumbe jicho moja, na baba, bila kufikiri, akafumba la kushoto kama yuko kazini. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akateremka mpaka chini kabisa kwenye herufi ambazo mimi sikuziona hata nikikaza macho. Watu wakapiga makofi. Mama alijivuna waziwazi, akawa anatazama huku na huku kuhakikisha wenzake wameona. Katika kelele zile yule kijana akasahau kumwambia abadilishe jicho.

"Mzee, pita pale kwa daktari pia," kijana alimwambia.

"Si mimi nimesoma zote? Hiyo ingine waachieni hawa hawaoni," baba akajibu, akamshika mkono bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake na kumpitisha mbele.

Ilionekana ni adabu njema. Mchungaji alimsifu. Hapo kwetu kusoma herufi ndiko kulikuwa kupimwa macho, na meza ya pili ilikuwa ya wagonjwa. Mtu mzima mwenye macho mazuri kujipanga pale angeonekana ananyang'anya wengine nafasi. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha.

Haukupita muda mrefu. Siku moja mchana baba aliletwa nyumbani na mwenzake wa kazini, kipande cha gome kimemrukia kwenye jicho la kulia. Halikuwa jambo la ajabu pale kiwandani. Mama alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamwosha kwa maji ya chumvi, kisha akalifunika lile jicho kwa kitambaa safi na kukifunga kichwani. Nje jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nimeshika beseni.

"Mama Nafula, mbona umefunga dirisha?" baba akauliza.

"Dirisha gani? Liko wazi."

"Basi nitolee hicho kitambaa kwa hili jicho lingine."

"Hakuna kitambaa hapo, Baba Nafula. Wacha mchezo."

Baba akainua mkono, akaligusa jicho la kushoto kwa kidole. Lilikuwa wazi, likinitazama mimi moja kwa moja, na halikuniona. Mama alicheka kidogo, kisha akaacha. Nakumbuka maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Zaidi ya hapo sikuhisi kitu. Nimeulizwa na watu kama niliogopa, na jibu la kweli ni kwamba nilijisikia kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, unajua ni wako lakini huna habari nao.

Gome lilitoka na jicho la kulia likapona. Hapo wazee wengine walisema basi, Mungu amesaidia, jicho zima limebaki. Mama hakusikia la mtu. Alimpeleka baba hospitali Nakuru, nami nikaenda kwa sababu fomu zilikuwa kwa Kiingereza na mama hakukiamini Kiingereza cha baba. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimwekea dawa ya kupanua mboni, akamkalisha kwenye mashine ya kuegemeza kidevu, akatazama ndani muda mrefu. Kisha akamfunika la kushoto, akamwambia atazame pua yake yeye daktari, na akaanza kuleta kidole polepole kutoka pembeni. "Ukiona kinachezacheza, niambie."

Mimi nilikiona tangu mwanzo. Kidole kikaja, kikachezacheza, kikaja tena, na baba akawa ametulia anatazama pua ya daktari kama mwanafunzi mtiifu. Nilitaka kukohoa ili ajue. Kidole kilikuwa karibu kufika usoni pake aliposema, "Sasa."

"Mzee, hii ni presha ya macho," daktari alisema. "Haiumi. Inakula kutoka kando, pole pole, na katikati inabaki safi mpaka mwisho. La kushoto limeisha. Hili la kulia imeanza kulila, na ndilo tunataka kuokoa."

"Lakini daktari, mimi nilisoma mpaka chini."

"Ulisoma na katikati. Herufi hazionyeshi kando, na hazionyeshi ndani."

Baba akauliza kama dawa itarudisha jicho lililopotea. Daktari akasema hapana, lililoliwa halirudi, dawa inazuia tu. Baba akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akavaa kofia yake. Hakulia. Mama pia hakulia. Tulikula chapati kwenye hoteli iliyo karibu na stendi, na nakumbuka ilikuwa tamu, jambo ambalo hadi leo naliona si sawa.

Kazi ya ukaguzi akaiacha, maana hakuna anayetaka mtu asiyeona pembeni karibu na msumeno. Tulimwekea dawa kila siku, na miaka mingi imepita. Jicho la kulia halikuzimika, lakini lilikuwa limechelewa kutunzwa, na sasa limebaki na kipande kidogo cha katikati. Ukitaka baba akuone lazima usimame mbele yake kabisa. Ukikaa ubavuni wewe ni sauti tu.

Mimi naishi Nakuru, na kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye damu, naenda kupimwa macho yote mawili kila mwaka, ndani na kando, japo naona vizuri na wenzangu kazini hunicheka kwamba natafuta ugonjwa. Mwaka huu daktari aliniambia presha imepanda. Niliipokea habari hiyo kama mtu anayesomewa bei ya sukari. Akanipa dawa, na wikendi iliyofuata nikaenda Elburgon kumwambia baba.

Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Imekula kiasi gani?"

"Haijakula, baba. Wameiona kabla haijaanza. Wanasema nikitumia dawa vizuri nitaona mpaka nizeeke."

"Yote? Na kando?"

"Na kando."

Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na baba yangu, ambaye hakulia siku ile Nakuru, akalia kwa sauti, akirudia, "Kumbe ilikuwa ni kwenda tu. Kumbe ilikuwa ni kwenda tu mapema." Sikujua kama analia kwa furaha yangu au kwa hasara yake, na sikumwuliza. Nilitamani nilie naye, sikuweza. Nilichoweza ni kuondoka pale ubavuni pake, nikavuta kigoda mpaka mbele yake kabisa, nikakaa hapo anapoona.