Kisanduku cha Ruiru kilichomeza sauti ya Kavata

Jua la asubuhi halijafika chini kwenye machimbo ya mawe, lakini Muthoka Kaleli tayari ameketi juu ya gunia lililokunjwa, jiwe katikati ya miguu yake. Anaweka tindo, anapiga nyundo, kipande kinaruka. Anapangusa vumbi kwa kiganja, anageuza jiwe, anapiga tena. Wenzake wanataniana kuhusu mpira. Yeye anavuta jiwe lingine.

"Huyu zamani ndiye alikuwa redio yetu hapa," asema Karanja, anayechonga mawe kando yake. "Tangu hayo mambo ya Ruiru, unaweza kukaa naye mpaka jioni na usisikie neno."

Muthoka, 56, amechonga mawe ya kujengea kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Siku njema humpa shilingi mia nane. Mvua ikijaza shimo maji, anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa kazi hiyo alinunua ploti ndogo kule Murera, na kwa kazi hiyo akamuuguza mkewe Kavata, aliyefariki kwa saratani ya matiti miaka minne iliyopita.

Kavata alipojua kwamba hatapona, aliomba simu yake. Akiwa amelala katika chumba chao cha kupanga mtaani Kiandutu, Thika, alijirekodi kwa Kikamba akizungumza na binti yao wa pekee, Syombua. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya kumliwaza baada ya mazishi. Ya pili aliiwekea sharti: isisikilizwe hadi siku ya harusi ya binti huyo.

"Mimi ndiye nilimshikia hiyo simu kwa sababu mkono wake ulikuwa unachoka," asema Muthoka. "Akisema kidogo, anapumzika. Anaendelea tena. Alipomaliza akaniambia, 'Baba Syombua, hii uitunze vile umenitunza mimi.'"

Mwaka uliofuata, moto ulizuka Kiandutu. Nyumba za mabati ziliungua moja baada ya nyingine, na moto ukazimwa ukiwa umebakisha milango michache kufika kwa Muthoka. Jirani yake, Ngina, aliokoka na nguo alizovaa tu. Hata picha ya marehemu mamake ilikwenda na moto.

Baada ya hapo Muthoka hakutulia. Kila akiwa kazini na kuona moshi upande wa mjini, nyundo inasimama. Ndipo dereva mmoja wa lori anayebeba mawe akamweleza kuhusu kampuni ya Ruiru inayokodisha visanduku vya chuma vya kuhifadhia mali.

Syombua, ambaye husuka nywele katika saluni moja ya Makongeni, mjini Thika, alikuwa na wazo lingine.

"Nilimwambia, 'Baba, peleka tu hiyo simu kwa fundi, ahamishe rekodi ziwe pahali pawili,'" akumbuka. "Akaniuliza, 'Na akibonyeza vibaya, zifutike?' Nikaacha kumsukuma. Ukweli ni kwamba hata mimi nilijiogopa. Zikiwa karibu nami, ningesikiliza ile ya harusi usiku huohuo."

Basi Muthoka akavaa koti lake la kanisani na kwenda Ruiru. Ofisi ilikuwa ghorofani, safi, ina mlango wa chuma na mlinzi mwenye rungu. Jackie, msichana wa mapokezi, alimpa kiti na kumweleza kwamba kisanduku hufunguliwa kwa funguo mbili, mmoja wa mteja na mwingine wa kampuni.

"Hata sisi hatujui unaweka nini ndani, mzee," Jackie alimwambia. "Hiyo ni siri yako."

Maneno hayo yalimpendeza. Alitia sahihi mkataba wa Kiingereza ambao hakuuelewa wote. Kisha akaweka hatimiliki ya ploti ya Murera, pete ya ndoa ya Kavata, na ile simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa ameifunga kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu. Akarudi Thika akijihisi mwepesi.

Pasaka ya mwaka jana, ofisi ikiwa imefungwa kwa sikukuu, wezi walitoboa ukuta kutoka duka tupu lililopakana nayo. Kengele ya hatari haikulia. Walikuwa na nafasi ya kuvunja kisanduku kimoja baada ya kingine bila haraka.

Muthoka alipofika, watu walikuwa wamejaa ngazini. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi sakafuni akilia bila sauti, viatu mkononi. Polisi waliwaingiza wachache wachache. Sakafu ya chumba cha visanduku ilikuwa imefunikwa na makaratasi: vyeti vya shule, wosia, picha za harusi.

Katikati ya makaratasi hayo aliiona hatimiliki yake, ikiwa na alama ya kiatu. Kisanduku chake kilikuwa kimepinda mfuniko. Ndani mlikuwa na kitambaa peke yake.

"Polisi mmoja akaniambia, 'Mzee, wewe una bahati, title yako umepata,'" asema Muthoka. "Nikamwambia asante."

Wateja walipodai fidia, ile siri waliyouziwa ikawageuka. Meneja aliwaambia kampuni haiwezi kulipia vitu ambavyo haikujua vimo. Bima yake ilihusu jengo na visanduku, si mali ya watu. Muthoka alipotaja simu, aliulizwa anathibitishaje kwamba ilikuwemo.

"Nilisema bei yake mnaweza kukaa nayo," asimulia. "Nikawaambia nataka sauti."

Muda si mrefu ofisi ikafungwa, na nambari za wakurugenzi zikawa hazipatikani. Hakuna aliyeshtakiwa. Jackie, ambaye sasa anauza chipsi karibu na steji ya matatu ya Ruiru, anasema bado hukutana na wateja wa zamani wanaompita bila salamu.

"Nilikuwa nawaambia yale niliambiwa niseme," asema. "Huyo mzee wa simu ndiye hunijia akilini. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama kuna kona hawajaangalia."

Kwa miezi mingi, Jumapili baada ya ibada, Muthoka alizunguka vibanda vya kuuza simu kuukuu mjini Thika akiulizia simu yenye ufa kwenye kioo. Fundi mmoja alimhurumia akamwambia ukweli: simu ya wizi hufutwa kila kitu kabla haijafika meza ya muuzaji. Siku hiyo alitembea hadi Kiandutu, akajifungia chumbani.

Syombua alikasirika, akakaa muda mrefu bila kumtembelea. Kisha akachumbiwa. Harusi imepangwa Desemba, katika kanisa lao la Makongeni. Alikwenda kumpa babake habari hiyo, wakaketi mlangoni na vikombe vya chai.

"Baba, mwaitu alisema nini kwa hiyo rekodi ya pili?" alimuuliza, akimtaja mamake kwa Kikamba.

"Siyakumbuki yote."

"Hayo unayokumbuka, niambie."

"Si leo," babake akajibu. "Alisema siku ya harusi."

Sasa Muthoka ana mpango mmoja. Siku hiyo atasimama mbele ya watu na kumwambia bintiye yale aliyoyasikia akiwa ameshika simu kando ya kitanda. Hajawahi kuhutubia hata mkutano wa chama cha akiba. Tena anaogopa, kwani kila anapoyarudia maneno hayo, kipande fulani humponyoka na kingine huja mahali pake.

"Kuna sentensi moja sijui tena kama ni ya Kavata ama ni yangu," asema, akitazama chini. "Hiyo pia nitaisema."