Kujifunza Kutetemeka

Mwaka wa kwanza chuoni nilifeli somo la mwili. Ukisema hivyo kijijini watu wanaanza kukutazama tumbo, kwa hiyo nyumbani nilisema nimefeli somo moja dogo tu. Halikuwa dogo. Kwenye chuo chetu cha sanaa pale Bariadi, mwanafunzi aliyeshindwa mwendo na mwili hapandi jukwaani, na akishindwa tena kwenye mtihani wa marudio, ule tuliouita sapu, anadisko. Anafunga begi na kurudi kwao kulima pamba. Mimi nilikuwa nimeondoka kwetu, upande wa Ipililo, nikiwa nimetangaza kwa kila mtu kwamba pamba na mimi basi. Huo mdomo wangu ndio ulionifunga.

Ukumbi wetu wa mazoezi zamani ulikuwa ghala la pamba. Nyuzi zilikuwa bado zimeganda kwenye nyufa za kuta, na ukilala sakafuni ukavuta pumzi kwa nguvu unaishia kukohoa. Na tulilala sana sakafuni. Mwalimu wa mwendo, mwanamke mwembamba ambaye sikuwahi kumwona na viatu ndani ya ukumbi ule, alitutaka tusikilize uzito wa kisigino. Alitutaka tujue bega la kushoto liko wapi bila kulitazama, na pumzi inafika wapi kabla ya kugeuka. Wenzangu walifumba macho na baada ya muda wengine walianza kutokwa na machozi, wanasema wamekuta kitu mgongoni. Mimi nilisikia baridi ya sementi na njaa.

Si kwamba nilikuwa mvivu wa mwili. Nimebeba maji kichwani tangu sijaota meno ya mbele vizuri, nimepalilia, nimekimbizana na ng'ombe wakitaka kuingia shamba la mtu. Mwili wangu ulijua kazi. Kilichonishinda ni kuuliza unajisikiaje. Kwetu mwili unaulizwa ukiugua, na hata hapo unaulizwa kwa kifupi, watu wana kazi.

Mtihani wa kwanza nilicheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Nilijiamini kupita kiasi. Nilirusha jembe nikalidaka, nikatimua vumbi la ghala mpaka wenzangu wakapiga vigelegele. Mwalimu alinisubiri nimalize kuhema, kisha akaniita pembeni.

"Umetuonyesha ngoma," akasema. "Nzuri. Lakini wewe sijakuona. Nimetafuta mtu humo ndani, sijamkuta."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Angenifokea ningemchukia nikalala. Kwa sapu akanipa sharti moja: nilete kitu ambacho mwili wangu unakikumbuka, hata kama mimi mwenyewe nisingependa kukikumbuka. Nilijua palepale kwamba kipo kimoja tu.

Dada yangu alikuwa na kifafa. Alinizidi miaka michache, akinibeba mgongoni wakati mama yuko shambani, na alikuwa akianguka. Kwetu mtu aliyeanguka kifafa haguswi. Watu wanasema povu lake linahamisha ugonjwa, ukimgusa nawe unaupata, na mwenye watoto wengine ndani ya nyumba ana sababu zaidi ya kukaa mbali. Basi alipoanguka watu walisimama wakangoja aache, na kila mara aliacha. Siku moja hakuacha. Alianguka ndani, karibu na magunia ya mahindi, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya magunia hayo nikichezea punje. Mama alikuja mbio kutoka kisimani. Wanaume wa jirani wakamshika mlangoni, wakamkumbatia kwa nguvu kabisa, wakimwambia atulie, itapita. Hawakuwa watu wabaya. Walimshika mpaka dada akanyamaza moja kwa moja, na alipokuwa amenyamaza ndipo wakamwachia mama.

Nilikuwa mdogo mno hata kulia sikulia. Nilichobaki nacho ni vidole vyake, jinsi mtetemeko ulivyoanzia hapo, ukapanda kwenye kiwiko, ukashika bega, ukafika shingoni. Hicho ndicho nilichoamua kupeleka kwenye sapu. Kama nilikuwa na haki ya kukichukua sikujiuliza. Mtu anayezama hachagui anashika nini.

Likizo nikarudi nyumbani kufanya mazoezi. Baba alishafariki, tulikuwa mimi na mama tu, na nyumba ya mama haina pa kujificha. Nilijaribu nyuma ya choo, nikajaribu kwenye mabua ya mtama. Siku ya tatu hivi nilikuwa nimelala chini nyuma ya nyumba, nimepeleka mtetemeko mpaka kiwikoni, nikajisifu kimoyomoyo kwamba leo unakuja. Nikasikia ndoo imeanguka. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, maji yanamtiririkia miguuni. Alikuwa ameingiza mikono kwapani kama mtu wa baridi.

Niliamka haraka nikijipangusa. "Mayu, ni mazoezi ya chuo."

"Chuo gani kinafundisha ugonjwa?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, maana sikutaka kumtaja dada, na bila dada maelezo yangu hayakuwa na kichwa wala miguu. Mama alisikiliza, akaokota ndoo, akaingia ndani. Jioni begi langu la chuo halikuwa mahali pake. Lilikuwa chumbani kwake, chini ya kitanda, na yeye amekaa juu ya kitanda.

Kesho yake akaja shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye hajawahi kukosa jibu. Alinizunguka akinitazama kuanzia visigino, akauliza kama naota nyoka, kama nasikia kuitwa. Nikasema naota mitihani. Shangazi akamgeukia mama: "Ng'wanike, binti huyu, hana kifafa. Hawa ni masamva. Bibi yake anamtaka." Masamva ni wazee wetu waliokwisha kufa, na wakimtaka mtu humtetemesha mpaka akubali kuvaa shanga zao. Nilimwona mama anashusha pumzi. Yeye ni mwanakwaya, sare yake ya kanisani anaipiga pasi kuliko nguo nyingine yoyote, lakini kati ya mizimu na kifafa alichagua mizimu bila kufikiri mara mbili. Mizimu ina dawa.

Nikakubali kupelekwa kwa mfumu, yaani mganga, mradi nikirudi nipewe begi langu. Tulikwenda kwa bodaboda mpaka ng'ambo ya Mwanhuzi, nchi kavu, ng'ombe wengi na nyasi chache. Mama alijifunika khanga usoni njia nzima asije akaonwa na mtu wa kwaya. Mfumu alikuwa mzee wa makamo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anabangua karanga, simu yake inachajiwa kwenye sola ya dirishani. Tulipiga goti tukamsalimia, "Mwadila, baba," naye akaitikia akaendelea na karanga zake. Mama akaeleza yote kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Nilimsikia akifika kwa dada, akaruka, akaendelea.

"Hebu fanya," mfumu akaniambia.

Nikalala kwenye ua wake uliofagiliwa. Nilifanya kwa moyo wangu wote, sijawahi kufanya vile hata mbele ya mwalimu. Vidole, kiwiko, bega, shingo. Nikazungusha macho. Nilipomaliza nilikuwa na mchanga mdomoni na machozi ya vumbi.

Mfumu alikuwa amesimamisha mikono. Akatema ganda.

"Huyu hana kitu," akamwambia mama. "Hakuna mtu humo ndani. Anacheza tu. Aliyeshikwa kweli, kuku wanamkimbia. Wa kwangu hata hawakugeuza shingo."

Ni kweli. Kuku walikuwa wanachakura pale pale, mmoja karibu na nywele zangu.

Mama alishukuru mpaka nikaona aibu. Njia nzima ya kurudi aliimba nyimbo za kwaya juu ya bodaboda, khanga imefunguka inapepea, na dereva akawa anaitikia. Sijawahi kumwona mama na furaha ile, kabla wala baada. Mimi nilikuwa nyuma yake nimemshika kiuno na nilitaka kufa. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja wa chuo na mmoja wa shanga, wamenichungulia ndani kwa nyakati tofauti na wote wamekuta patupu. Ningempinga nani sasa?

Siku zilizobaki nilifanya mazoezi waziwazi, uani, mama akipepeta mchele pembeni. Alikuwa na ruhusa ya mfumu, hakuogopa tena, au ndivyo alivyojiambia. Wakati mwingine aliniambia nisijiumize mbavu. Nilijipiga chini mpaka nikawa na michubuko nyongani. Nilivuta pumzi, nikahesabu, nikajaribu kukumbuka harufu ya magunia. Hakuna. Mwili ulitii kila nilichouagiza, kama ng'ombe wa jembe, na ndani yake palikuwa kimya. Ilifika mahali nikaomba, na sikuomba kufaulu. Niliomba niugue kweli. Nilimwomba Mungu anipe kile alichokuwa nacho dada, kidogo tu, kwa robo saa, mbele ya jopo. Nasema nilivyokuwa.

Mama akasema atanisindikiza Bariadi, awasalimie walimu wangu na awaone kwa macho. Nilikataa, akavaa sare yake ya kwaya, tukaenda. Siku ya mtihani nilimwacha kwa mama ntilie mkabala na ghala, nikamwagizia chai na chapati, nikamwambia asitoke hapo mpaka nimfuate. Aliitikia kwa kichwa. Ghala lina mlango mkubwa wa bati, ule uliokuwa ukipitisha marobota, na kwa sababu ya joto ulikuwa wazi.

Jopo lilikuwa mwalimu wangu na wageni wawili kutoka nje ya chuo, wamekaa nyuma ya meza. Niliingia, nikasimama katikati, nikaanguka.

Matokeo niyaseme kabisa hapa, yasije yakasubiriwa. Nilifeli. Jopo liliandika kwamba mtihani ulikatizwa na haukukamilika, na mtihani usiokamilika hauna alama. Mwalimu alinitetea kwa muda mrefu, niliambiwa, lakini kanuni ni kanuni. Sasa hivi nalima pamba.

Nilikuwa nimefika begani. Macho nimeyafumba nusu, najisikia mwenyewe ninavyoagiza: haya bega, sasa shingo. Ndipo nikasikia kishindo cha miguu kwenye sementi, na sauti ya mwalimu, "Mama, samahani, mama," na kiti kikiburuzwa. Nilifungua jicho nikaona mkono wa mwalimu umenyooshwa kumzuia mtu, na mtu huyo ameupita kama haupo.

Mama alijitupa chini akaninyanyua. Alinilaza ubavu, kichwa changu mapajani mwake, akakunja ncha ya khanga akaniingizia katikati ya meno kwa kidole chake, haraka, bila kukosea, na mkono wa pili akanishika taya. Nilitaka kumwambia ni mtihani, mayu, mfumu alishasema. Mdomo ulikuwa umejaa khanga. Alikuwa ananifuta mdomoni kitu ambacho hakikuwepo, anafuta na kufuta kwa kiganja kitupu, na tumbo lake lilikuwa linatetemeka kwenye sikio langu. Ndipo mtetemeko ukaanza kwangu. Haukuanzia kwenye vidole. Ulianzia mahali ambapo sikuwa nimewahi kupaagiza, chini ya mbavu, na sikuweza kuusimamisha, meno yakagongana juu ya kitambaa, miguu ikapiga sakafu, na sikujua tena bega langu liko wapi.

Mama aliinama mpaka paji lake likagusa langu. Alikuwa ananiambia kwa Kisukuma kwamba amefika, amenishika, hakuna wa kumtoa. Alirudia, na mwisho wa kila sentensi aliita jina, na jina lile halikuwa langu. Lilikuwa la dada.

Nikaitoa khanga mdomoni, nikaitika.