Bi Zuhura Mlangoni

Mvua ilipogonga mabati ya Bi Zuhura pale Embu mjini, harufu ya vumbi lililolowa ilichanganyika na harufu ya nyama kutoka bucha ya mumewe, nasi watoto tukakimbilia uani na masufuria. "Kingeni! Kingeni upesi!" alipaza sauti. Nyumbani tulisema Kiembu tu, hivyo hilo likawa neno langu la kwanza la Kiswahili. Niliamini kukinga ni kupokea maji yanayotoka juu, basi.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, Waingereza wakipambana na Mau Mau. Baba alikuwa kizuizini, nyumba yetu ilikuwa imechomwa, na mama alinileta mjini bila ruhusa ya serikali. Bi Zuhura, ambaye zamani alinunua mboga zetu sokoni, alitupatia chumba cha nyuma. Kila jioni alituombea, "Mungu awakinge, wanangu." Nilimwona Mungu ameshika karai kubwa, nasi tunadondokea ndani yake taratibu, na nikalala vizuri.

Asubuhi moja askari walizingira mtaa wakiwasaka wasio na ruhusa. Mama alikuwa akifua uani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Angefungua mdomo tu, angejulikana. Bi Zuhura alimfunika kanga yake kichwani, akamsukuma jikoni, kisha akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Nani yumo ndani?" askari mmoja kijana aliuliza.

"Mdogo wangu."

"Toka nimwone."

"Mume wangu hayupo, baba. Mwanamume hapiti hapa mwenyewe akiwa hayupo. Hata mama yako asingekubali."

Askari alimkodolea macho. Bi Zuhura hakusogea. Mwishowe yule kijana alifyonya, akaenda nyumba ya pili.

Hapo ndipo Bi Zuhura alipoketi kizingitini.

"Bibi, ulikuwa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nawakinga."

Nilitazama mikono yake. "Na sufuria iko wapi?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tutoke kijijini.

Siku hizi naishi mtaa uitwao Dallas, humu humu Embu mjini. Tuna kuta za mawe, mageti ya chuma na mlinzi, na majirani ambao majina yao siyajui. Ni salama, nami nashukuru. Lakini hakuna ukuta hapa ninaouamini kama nilivyomwamini yule mama mfupi, ambaye kichwa chake hakikufika hata begani mwa askari.