Kamasi Kwenye Kabureta ya Ma Celina

Vruuu… vruu… vru… puf.

Niliusikia mlio huo nikiwa bado barabarani, kabla sijaiona nyumba. Migomba ilikuwa imeziba kila kitu.

Jenereta inapanda, inashuka, inapanda, inakata roho. Kimya. Halafu mtu anavuta kamba tena.

Nikajisemea, hiyo si plagi. Hiyo inanyimwa mafuta. Kabureta imeziba.

Naitwa Ildefons. Ni fundi wa jenereta na pikipiki, kibanda changu kipo Buhembe, Bukoba mjini. Mashairi pia natunga. Sikufundishwa na mtu. Nilihesabu mizani kwa vidole mpaka vidole vikazoea. Nayaandika ukutani, kwenye sanduku la spana, popote kalamu inaposhika.

Hilo la kuandika popote likumbukeni. Litarudi kunizaba kofi.

Siku hiyo nilitoka Bukoba mpaka Muleba kwa pikipiki yangu kwa sababu ya simu moja. Shangazi yangu, Ma Celina, alipiga sauti ikiwa imekauka. Umeme umekatika tangu alfajiri, jenereta haishiki, na ndani ana mashine ya kutotolesha vifaranga yenye mayai mia mbili na arobaini.

Siku ya kumi na tisa.

Aliyefuga anajua. Zimebaki siku mbili. Yakipoa sasa, unachimba shimo unafukia.

Na hayakuwa yake peke yake. Mwaka jana mdondo ulifagia kuku wa kijiji kizima, mabanda yakabaki manyoya tu. Wanawake ishirini na nne wa jumuiya yao wakahangaika mpaka kila mmoja akapata mayai kumi, wakamkabidhi Ma Celina. Yakiharibika, atawatazamaje kanisani?

Jenereta hiyo nilimpelekea mimi wiki mbili kabla, pamoja na dumu la petroli lita ishirini. Nilimkataza kabisa kununua ile ya chupa pale njia panda. Nilimwambia ile ni uchafu mtupu. Yangu nimeijaza kituoni kwa macho yangu.

Nikaingia uani. Wanawake kama saba wa jumuiya wako pale, wamebeba mablanketi na chupa za maji ya moto za kuzungushia mayai. Joanitha, binti wa shangazi, ndiye alikuwa anavuta kamba. Kiganja kimechubuka.

Nikauliza joto. Thelathini na tatu, akasema. Inatakiwa thelathini na saba na nusu.

Pembeni, juu ya gogo, amekaa Ta Rutashobya, shemeji wa shangazi, mdogo wa marehemu mumewe. Kazi ya mzee huyu ni kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama. Nguo zake zinanuka ndizi zilizochacha hata akitoka kuoga. Sikuwahi kumpenda. Semeni nina dharau, sikatai.

Nikafunga koki ya mafuta. Nikatoa chujio la hewa. Nikashika spana namba kumi, nikafungua kikombe cha chini cha kabureta.

Kikadondokea kiganjani kwangu.

Ndugu zangu, nimefungua kabureta nyingi. Nimekuta kutu, mchanga, hata mende. Hii ilikuwa kitu kingine.

Ndani kulikuwa na kamasi. La kahawia, zito, linavutika kama la mtoto mwenye mafua ya wiki nzima. Vijidudu vile vya ndizi mbivu vimezama humo kwa makumi. Na harufu! Petroli na uchachu vimekumbatiana, vinakupanda puani mpaka utosini. Boya limegandia pembeni. Jeti, kile kipande chembamba chenye tundu la kupitisha mafuta, halina tundu tena.

Nikachokonoa kwa kucha. Zikatoka chembe nyeupe.

Mtama.

Nikauliza petroli inakaa wapi. Joanitha akasema kwenye stoo ya Ta Rutashobya, pamoja na madumu yake.

Hapo nikahukumu. Sikuuliza swali la pili. Nilisimama na kile kikombe, nikakipeleka mpaka chini ya pua ya mzee, mbele ya wale wanawake wote.

"Nusa," nikamwambia. "Umemimina petroli ya watu kwenye dumu lako la pombe. Unanuka wewe, linanuka dumu lako, sasa mpaka jenereta inanuka."

Alinusa kweli. Hakukasirika.

"Ildefons, dumu langu halijawahi kuingia petroli."

"Na huu mtama umeota humu?"

Wanawake wakatazama chini. Mmoja akajifunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Ma Celina akanishika mkono, akasema taratibu kwamba yule kwake ni kama baba wa nyumba. Nikautoa mkono. Nilikuwa nawaka.

Nikaanza kusafisha. Nikamimina petroli kutoka tanki la pikipiki yangu, nikasugua kwa mswaki. Kamasi halitoki. Linahama tu, kutoka huku linaenda kule.

Nikaweka jeti mdomoni, nikapuliza. Mafundi wote tunafanya hivyo. Haikupita hewa. Nikavuta.

Kitu kikaja ulimini. Kitamu.

Kitamu, halafu kichachu, halafu petroli. Nilitema mpaka machozi yakanitoka. Niliusugua ulimi kwa pindo la shati kama mwehu.

Joanitha akatoka ndani. "Thelathini na mbili," akasema.

Ndipo Ta Rutashobya akaongea, bado kakaa kwenye gogo lake.

"Hiyo ni sukari ya ndizi, mwanangu. Petroli haiyeyushi sukari. Leta maji ya moto. Vyombo vyangu naviosha hivyohivyo."

Nilitamani asiwe kweli. Nilitamani kwa moyo wote.

Nikachukua chupa moja kwa wale wanawake, nikamimina maji kwenye bakuli, nikatumbukiza kabureta. Ndani ya dakika mbili maji yakageuka rangi ya chai, na lile kamasi likaachia lenyewe, likaelea juu na vijidudu vyake. Nikabadilisha maji mara tatu.

Lakini tundu la jeti bado. Sindano ni nene, ingelipanua na kuliharibu.

Mzee akainuka. Akaenda kwenye baiskeli yake, akakata waya wa breki kwa panga, akachambua uzi mmoja mwembamba kama unywele. Akanipa. Baiskeli yake, ambayo anabebea ndizi kushuka mlimani. Sikumshukuru. Niliuchukua tu.

Nikaupitisha. Nikainua jeti juani, nikafumba jicho moja. Kinukta cha mwanga.

Nikaikausha kabureta, nikamwaga mafuta yote ya tanki la jenereta, nikaweka ya pikipiki yangu. Nikafunga. Choki ya kuwashia. Kamba.

Trrrrrrrrr.

Haipandi, haishuki. Ndani taa ikawaka, wanawake wakapiga vigelegele. Ma Celina akaketi kizingitini.

Ningeishia hapo, ningekuwa shujaa. Lakini mimi ni mimi. Nilitaka mzee aaibike mpaka mwisho.

Nikasema, lileteni hilo dumu lililotumika, kila mtu alione.

Joanitha akalitoa stoo, limevaa gunia. Nikaegemeza dumu kwenye beseni, nikamimina kilichobaki. Juu petroli, chini tope la kahawia na chembe za mtama zinazunguka.

"Mmeona?" nikasema.

Joanitha alikuwa amelivua gunia. Akafuta ubavu wa dumu kwa kanga. Akaanza kusoma, polepole, kama darasani.

"Dumu hili ni la fundi, asiyeshindwa na chuma.
Mchafu akiligusa, alioshe hima hima."

Mwandiko wangu. Kalamu yangu nyekundu. Sahihi yangu chini, na mkia wake.

Nikakumbuka yote kwa mkupuo. Mwezi uliopita mama yangu kule Kaagya aliliazima dumu hilo kupelekea rubisi kwenye posa ya kaka yangu. Na kwetu chombo cha rubisi hakirudi kikavu. Waliopokea wanabakiza kidogo chini, ili mwenye chombo naye aonje. Ni heshima. Kila mtoto wa Kihaya analijua hilo.

Mimi nililipokea, nikalitupia kibandani, nikajaza petroli bila kuchungulia. Nikalivisha gunia, nikalisafirisha. Siku za mwanzo Joanitha alimimina mafuta safi ya juu. Alipofika chini, akakutana na posa.

Kinywani ule utamu ulikuwa bado upo. Lilikuwa kamasi langu, na nilikuwa nimelionja.

Ta Rutashobya akamtazama Joanitha. "Mizani imetimia?"

"Imetimia, baba mdogo."

"Shairi zuri," akasema. "Basi aoshe."

Nikaosha. Maji ya moto, mara tatu, mbele yao wote, na hakuna aliyenisaidia hata kushika mfuniko.

Joto likapanda. Thelathini na tano. Saa moja baadaye, thelathini na saba. Ma Celina akatoa yai moja, akaliweka sikioni, akafumba macho. Kisha akanipa mimi. Ndani kulikuwa na kitu kinalia, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.

Ninaandika haya ili mjue. Nilimnusa mzee wa watu kabla sijanusa dumu langu. Kichwani nilikuwa na hakika kama msumari, na hakika hiyo ndiyo iliyonuka kuliko kabureta. Ukijikuta umekereka sana na uchafu wa mwenzako, simama kwanza, geuza dumu, usome limeandikwa jina la nani.

Nikaenda pale kwenye gogo. Nikapiga magoti kwenye tope la maji niliyooshea dumu, na nikaongea kwa sauti, wanawake wasikie.

"Ta Rutashobya, waitu, mzee wangu. Siku ya kugawa vifaranga nitakuja na waya mpya wa breki. Nitasimama mbele ya wanawake wote ishirini na nne, niseme uchafu ulikuwa wangu. Na nitasema kwa maneno ya kawaida, bila shairi."